Mama Aliyemwita Mwanawe Simeoni

Wapendwa, kabla sijalifungua somo naomba akina Simoni waliomo humu wanyoshe mikono. Simoni, Simeoni, Saimoni, vyovyote walivyokuandika kwenye cheti cha ubatizo. Haya, mnawaona? Pale nyuma upande wa wanaume wamejaa kama wameitana kikao. Ni jina tulilolizoea kama chumvi. Tunaliita barabarani, tunaliita shambani, tunalikata tukasema Simo, wala hatujiulizi tumetamka nini. Leo nitawapa mfano wa mama mmoja aliyelijua jina hilo kuliko sisi. Wengine waliomo katika mfano huu sitawapa majina. Ukiona mmoja wao amefanana na jirani yako, usimgeukie, jitazame kwanza.

Kulikuwa na mama mmoja milimani, kule ambako mvua haiombwi, inavumiliwa. Mashamba ya huko yamening'inia. Kiazi kikikuponyoka, anakiokota jirani wa chini. Mama huyo aliolewa akiwa binti mdogo na mwanamume aliyemsifia mikono ya kazi. Miaka ikapita, mikono ikafanya kazi, na tumbo likanyamaza. Je, mnayajua maneno yanayomfuata mwanamke wa namna hiyo? Mnayajua, kwa sababu mengine tumeyasema sisi. Mume akaanza kushuka tambarare kuuza tangawizi, akawa analala huko, na mwishowe ikajulikana kwamba huko ana nyumba na ana watoto. Alipopanda mlimani alipanda kama mgeni: anakula, anauliza habari za shamba, anashuka.

Mama yule hakugombana na mtu. Alikuwa akifika kanisani kabla ya kengele, anakaa kwenye benchi la ukutani, anaomba midomo ikicheza bila sauti. Alichokuwa akiomba kilijulikana na kila mtu, na wengine walishachoka kumwitikia. Basi siku moja, umri ukiwa umeanza kumtupa mkono, akajikuta ana mimba. Akalea mimba yake kimya kimya, akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye mapafu ya kupiga kelele nyumba ya tatu isikie.

Akambeba mpaka kwa mwinjilisti wa mtaa wao, akamwomba ampatie jina la ubatizo lenye maana. Mwinjilisti alikuwa mzee mpole, mwenye koti moja jeusi la ibada na mazishi. Akamsimulia habari za Lea, mke wa Yakobo, ambaye mumewe moyo wake wote ulikuwa kwa mwenzake. Lea alipopata mtoto wa pili alisema kwamba Mungu amesikia jinsi asivyopendwa, ndiyo maana akamwongezea na huyu. Akamwita Simeoni. Katika lugha yao, alisema mwinjilisti, ndani ya jina hilo mna neno la kusikia.

Mama akauliza, mtoto akinyonya.

“Baba mwinjilisti, Mungu alisikia nini? Alisikia maombi yake?”

“Alisikia kwamba hapendwi. Ndivyo Maandiko yanavyosema.”

“Basi mwanangu ni huyo,” akasema mama. “Mbatize Simeoni.”

Mtoto akabatizwa, akakua, akatambaa, akasimama. Wakati wenzake walipoanza kuita mama, yeye hakuita. Mlango ukibamizwa hashtuki. Ng'ombe akilia mgongoni pake hageuki. Mama aliliona mapema, akalificha moyoni mwake kama mtu anayeficha ugonjwa, akijiambia kwamba kila mtoto ana siku yake. Lakini kijiji hakifichwi kitu. Kabla mtoto hajaota meno ya nyuma, ilishajulikana mlima mzima kwamba Simeoni ni kiziwi. Sasa fikirini, ndugu zangu. Mtoto anaitwa “amesikia”, na hasikii. Watu walicheka? Walicheka. Kwanza kwa kificho, baadaye hadharani, halafu wakachoka kucheka wakamwita Bubu. Jina la ubatizo likabaki kwenye cheti na kinywani mwa mama yake peke yake.

Wifi yake, dada wa mume, alipanda siku moja na kikapu cha ndizi. Hakuja kwa ubaya; alikuja kama ndugu. Walipokwisha kula akasema lililomleta.

“Wifi yangu, ukoo umeongea. Hilo jina ni mkosi. Unamwita mtoto kwa kitu ambacho hana, ni kama kumwita kipofu Macho. Mwinjilisti ni mtu mzima, ataelewa. Mtafutieni lingine.”

Mama akamsindikiza mpaka njiani. Kesho yake akashuka tena kwa mwinjilisti, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Akamwambia mwinjilisti kwamba ndugu wanataka jina libadilishwe, na yeye mwenyewe hajui tena kama alilitoa kwa imani au kwa kiburi. Akaomba aambiwe ni akina nani wengine waliowahi kulibeba jina hilo, maana labda ni jina la watu wakubwa tu, na mwanawe hawezi kulibeba.

Mwinjilisti alimtazama, kisha akaanza kuwataja, taratibu, kama mtu anayefungua milango ya nyumba kubwa. Alimwambia kwamba yule Simeoni wa kwanza, mtoto wa Lea, alikuwa mkali wa upanga. Hasira yake ilimtia baba yake aibu. Tena ndiye aliyeachwa amefungwa kule Misri, ndugu zake wakarudi nyumbani na nafaka. Alikuwapo Simoni mvuvi, mwenye maneno mengi kuliko ujasiri, ambaye Bwana alimpa jina jipya na bado akaendelea kumwita kwa la zamani. Alikuwapo Simoni mchawi, aliyetaka kuzinunua nguvu za Mungu kama mtu anavyonunua mbuzi. Alikuwapo Simoni mkoma, ambaye nyumbani kwake mwanamke alimwagia Bwana marhamu. Alikuwapo mtu wa Kirene, Simoni, aliyekuwa anatoka zake shamba akakamatwa njiani akatwishwa msalaba wa mtu asiyemjua. Na alikuwapo mzee Simeoni, aliyengoja maisha yake yote mpaka akampakata mtoto mmoja hekaluni, akamwambia Mungu kwamba sasa anaweza kwenda.

Mama akasikiliza mpaka mwisho.

“Katika hao wote,” akauliza, “alikuwapo kiziwi?”

“Sikumbuki kumsoma,” akasema mwinjilisti. “Lakini sikiliza, mama. Mkali, mchawi, mkoma, mzee wa watu, wote walilibeba, na jina halikuwahi kumsema hata mmoja wao. Halisemi Simeoni amesikia. Linasema Mungu amesikia. Mwanao halazimiki kulitimiza.”

Mama akarudi nyumbani, na jina halikubadilishwa.

Akamlea. Kumwita hakuwezekani, basi akagundua namna yake. Akimtaka, alikuwa akichukua mchi akatwanga sakafuni, na popote mtoto alipo ndani ya nyumba ile, nyayo zake zinapata habari, anakuja. Lakini hata akitwanga, mdomo wake ulikuwa ukisema, “Simeoni.” Jirani mmoja aliwahi kumuuliza anamwambia nani jina hilo ikiwa mtoto hasikii. Akajibu kwamba anamwambia aliyempa. Mtoto akawa kijana, kijana akawa mwanamume mwenye mabega, akalima tangawizi ya mama yake kuliko walivyolima ndugu wenye masikio mawili mawili.

Ukafika mwaka wa masika mabaya. Mvua ilishika mlima ikawa haiachii, ardhi ikalewa maji, migomba ikaanza kuinama yenyewe pasipo upepo. Asubuhi moja Simeoni alikwenda shambani kuzibua mifereji. Mama alikuwa ndani, anachochea moto. Akasikia mlio kama lori linamwaga mawe. Akainua uso, na ukuta wa juu wa nyumba ukaja mbele yake kama mtu anayeingia bila hodi.

Alipopata fahamu, giza. Hakujua amelala au amesimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshikwa na udongo mpaka gotini, mzito kama umejengewa. Juu yake kulikuwa na nafasi ndogo ya pumzi, kwa sababu nguzo ya katikati ya nyumba haikuvunjika. Ililala, ncha moja karibu na kifua chake, na ya pili imekwenda zake juu, kusikojulikana. Akapiga kelele. Udongo ukazimeza. Akapiga tena mpaka koo likatoa ladha ya damu.

Sasa hapa, wapendwa, sikilizeni kwa makini. Yeye hakusikika, lakini alisikia. Sauti za juu zilishuka kwa ile nguzo mpaka kwake, kana kwamba watu wanaongea chumba cha pili. Alisikia kijiji kinafika. Alisikia majembe na koleo, akajua wanachimba upande wa chumba cha kulala, si alipo. Alisikia wanamwita kwa jina, wanatulia, wanaita tena. Kila walipotulia alijibu kwa nguvu zake zote, na kila mara mmoja wao alisema, “Kimya.” Kisha mvua ikarudi. Akasikia sauti ya kiongozi ikisema kwamba mlima utateremka tena na kuwafukia walio hai, kwa hiyo waache. Ilikuwa bado mchana, lakini walikuwa wamechoka na walikuwa wanaogopa, na mimi siwalaumu kwa kuogopa.

Lakini watu hawaondoki mahali bila kuongea. Akasikia mtu mmoja, aliyekuwa akila kwake kila sikukuu, akisema kwamba hata wakimfikia watachimbua maiti. Akasikia wawili wanaulizana, kwa sauti ya chini, shamba la tangawizi sasa litalimwa na nani, maana udongo wake ni mzuri. Akasikia sauti ya wifi yake ikilia, tena ikilia kwa kweli, na katikati ya kilio ikasema, “Mungu angekuwa na huruma angewachukua wote wawili, yeye na Bubu wake. Nani sasa ataulea mzigo huu?” Hakuna aliyepinga. Wengine waliguna kwa kukubali.

Kisha mwinjilisti akaomba. Ilikuwa sala fupi ya kumweka marehemu mikononi mwa Muumba. Mama akaisikiliza sala ya maziko yake mwenyewe. Na kwa mazoea ya miaka yote ya benchi la ukutani, sala ilipofika mwisho, midomo yake ikaitikia amina.

Akasikia nyayo zinateremka, zinapungua, zinakwisha.

Halafu akasikia sauti moja imebaki. Ilikuwa sauti isiyo na maneno, kama mtu anayejaribu kuinua kitu kizito kupita uwezo wake. Wengine waliiogopa sauti hiyo; yeye aliijua kama anavyokijua kikohozi chake. Walikuwa wamemvuta mwanawe waondoke naye, akawakung'uta, wakamwacha. Mama alipojua ni yeye, ule ujasiri uliokuwa umebaki ndani yake ukamwishia. Akasema gizani, “Bwana, wote wenye masikio umewaondoa. Umeniachia asiyesikia.”

Nawaulizeni, ndugu zangu: mngefanya nini hapo? Mngeomba nini?

Yeye aliacha kupiga kelele. Mkono wake, katika kupapasa, ukakuta jiwe la figa, bado lina joto la moto wa asubuhi. Akaligonga kwenye ile nguzo. Hakugonga kwa tumaini kubwa. Aligonga kama alivyokuwa akitwanga kumwita kula, na mdomo ukasema lile jina, kwa sababu haukujua kugonga bila kulisema.

Huko juu, ncha ya nguzo ilikuwa imetokeza nje ya tope. Tangu asubuhi watu walikuwa wakiiegemea wakipumzika. Mmoja alitundika koti lake juu yake. Hakuna aliyeona ni kitu. Kijana alikuwa anachimba kwa mikono, akateleza, akaishika nguzo asianguke. Akatulia. Akaishika kwa mikono miwili. Akaikumbatia, akaweka kifua chake juu yake, akafumba macho kwenye mvua ile. Akakaa hivyo mpaka hapakuwa na shaka tena, kisha akakunja ngumi akaipiga nguzo, mara moja, kwa nguvu zote.

Na kule chini, katika giza, mama akaipata ile ngumi mbavuni mwake.

Wapendwa, niishie hapo kidogo. Mimi sina maneno ya kuwaambia jinsi inavyokuwa mtu aliyekwisha kuzikwa anapojibiwa. Mama mwenyewe alipoulizwa baadaye alisema tu kwamba aliogopa, kama mtu aliyeguswa bega akidhani yuko peke yake chumbani.

Kijana alishuka mlima mbio, akawapita watu wote njiani, akamkamata mwinjilisti koti lake jeusi akamkokota kurudi juu. Watu wakasema amerukwa na akili kwa uchungu. Alipomfikisha, alikishika kiganja cha mzee akakibandika kwenye nguzo. Mwinjilisti alisimama pale akinyeshewa. Kisha akavua kofia. Kisha akapaza sauti ambayo haikuwahi kusikika kutoka kwake, na kijiji kizima kikarudi na majembe. Walimtoa kabla jua halijazama, mguu umevunjika, nywele zimejaa udongo, hai.

Kwa muda wote aliokuwa anauguza mguu, mlima haukuwa na habari nyingine. Wale waliocheka jina wakawa ndio wa kulitangaza. Kweli ni Simeoni, wakasema, kweli amesikia! Wakaacha kumwita Bubu. Wifi ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, akimsimulia kila mpita njia jinsi jina lilivyotimia kwa namna ya ajabu.

Jumapili ya shukrani ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mama aliingia amejiegemeza kwa mwanawe, kwaya ikasimama, watu wakapiga vigelegele. Akaombwa aseme neno. Wote walijua atakachosema: atashukuru, atalia, nao watalia naye, kisha wataimba.

Akasimama kwa mguu mmoja, mkono umeshika bega la mwanawe.

“Ninyi mnasema mwanangu amesikia,” akasema. “Mwanangu hakusikia kitu. Aliyesikia ni nani, mwinjilisti alishaniambia, siku ile mlipotaka nibadilishe jina. Lakini sikuwa nimeelewa. Mimi nilidhani maana yake ni kwamba Mungu amesikia nilivyolia.”

Akageuza uso kuwaelekea waliosimama madirishani.

“Kule chini nilisikia yote. Kila neno mlilolisema juu yangu. Sitamtaja mtu, wala sina chuki na mtu, kwa sababu ninyi mlijua mnaongea penye maiti. Lakini nikiwa pale nikamkumbuka Lea. Kabla hajaomba, Mungu alikuwa ameshasikia ya nyumbani mwake. Ameyasikia ya waliomchukia. Nikawaza, kama mimi ninayasikia haya kupitia kijiti kimoja, Yeye je? Jina hili nilimpa mtoto kwa furaha. Sasa naliogopa. Nimemwomba anifundishe kuliogopa vizuri.”

Akaketi.

Kwaya haikuanza wimbo. Wale wawili wa shamba la tangawizi waliinama kama wanatafuta kitu sakafuni. Mwinjilisti, ambaye naye sala yake ilikuwa fupi kwa ajili ya mvua, alibaki amesimama madhabahuni bila kugeuza ukurasa. Wifi alijifunika uso kwa kanga. Baada ya kitambo kirefu alitoka kwenye benchi lake, akapita mbele ya watu wote, akaenda kupiga magoti mbele ya yule kijana, akamshika miguu. Kijana hakuelewa kosa ni lipi. Akamwinua, akampisha akae.

Sasa nigeuke kwetu.

Sisi tunampenda Mungu anayesikia. Tumeliimba hilo, tumelishuhudia kwenye ibada za usiku na mchana, tumewabatiza watoto wetu kwalo. Tunapokuwa shimoni, hiyo ndiyo injili yetu yote: kwamba kelele iliyomezwa na udongo haikupotea. Nayo ni kweli. Ikiwa leo umekuja hapa umefukiwa, ukiona kwamba wenye masikio wamekwisha kuondoka na aliyebaki hawezi kukufaa, nakuambia gonga. Hujui Mungu atakujibu kwa mkono wa nani. Mara nyingi atakujibu kwa yule yule uliyemwona si kitu.

Lakini si kila siku sisi tuko shimoni. Semeni kweli. Siku nyingi zaidi sisi ndio tuliosimama juu, tumeegemea nguzo, tunaongea. Tunaongea juu ya mjane tukidhani amelala. Tunaongea juu ya mgonjwa tukidhani hana fahamu. Tunaongea juu ya mtoto mlemavu akiwa amekaa katikati yetu, kana kwamba ni kiti. Tunagawana shamba la mtu ambaye bado anapumua. Kisha tunaomba sala fupi, tunakwenda kula. Mungu aliyesikia kilio cha mama yule, je, aliziba masikio mvua iliporudi na watu wakaanza kuongea? Ni sikio lile lile, wapendwa. Hana jingine la kutusikilizia sisi.

Kwa hiyo mkimwita Simoni wenu leo mkitoka hapa, iwe ni mume, iwe ni mwana, iwe ni yule anayewauzia mafuta ya taa, mjue mnakiri imani nzima kwa neno moja. Mnasema, mbele za watu, kwamba yuko asikiaye. Lisemeni kwa kicho.

Sasa tusimame. Najua kwaya imejiandaa, naomba wanisamehe. Leo hatutaanza na wimbo, wala sitawaombea. Tukae kimya kwanza.